Maswali na Majibu: Kumtafuta Mfalme Arthur katika madaftari ya kifalme

Swali

Shikamoo Mwalimu. Nasoma shahada ya uzamili ya historia ya sanaa hapa Ghent, Ubelgiji. Nilibahatika kuliona kwa macho yangu zulia la ukutani la Mfalme Arthur lililoko jumba la makumbusho la The Cloisters, New York, ambalo ni sehemu ya mfululizo wa Mashujaa Tisa uliofumwa kati ya mwaka 1400 na 1410 hivi. Maelezo yanalihusisha na Jean, Duke wa Berry, mdogo wake Mfalme Charles V wa Ufaransa. Baadaye nikasoma kwamba orodha ya mali ya Charles V inataja mazulia mawili ya Mashujaa Tisa. Je, nikiandika kwamba ni yale yale nitakuwa nimekosea? Na kwa ujumla, mtu analifuataje zulia la aina hii katika nyaraka za kifalme? Kifaransa cha leo nasoma bila shida, cha kale kinanisumbua.

Jibu

Marahaba mwanangu. Usiandike hivyo. Orodha ya Charles V ilianza kuandikwa mwaka 1380, na mfalme mwenyewe akafariki Septemba mwaka huohuo. Zulia ulilolitazama linakadiriwa kufumwa miaka ishirini au zaidi baadaye. Tena orodha inataja mazulia mawili, wakati vipande vya The Cloisters, wataalamu walipovipanga upya, vilionyesha mfululizo wa mazulia matatu, kila moja likiwa na mashujaa wake watatu. Tarehe inakukatalia, na idadi inakukatalia. Unabaki na jina la mada peke yake, na huo ndio ushahidi dhaifu kuliko wote.

Mashujaa hao tisa walikusanywa pamoja na mshairi Jacques de Longuyon karibu mwaka 1312: Hector wa Troya, Aleksanda Mkuu na Julio Kaisari kwa upande wa wapagani, Yoshua, Daudi na Yuda Makabayo kwa upande wa Wayahudi, Arthur, Charlemagne na Godfrey wa Bouillon kwa upande wa Wakristo. Watawala wa Ulaya waliwapenda mno. Walichongwa kwenye mawe, wakachorwa vitabuni, wakafumwa kwa sufi na hariri, na baadaye wakapata wenzao wa kike, mashujaa wanawake tisa. Kwa hiyo ukikuta maneno "neuf preux", yaani mashujaa tisa, ndani ya daftari, umekuta mada iliyokuwa ikining'inia kwenye kumbi nyingi kwa wakati mmoja. Ni sawa na kumtafuta mtu mjini ukiwa na jina Juma tu mkononi.

Sasa nije kwenye njia yenyewe. Kabla hujafungua daftari lolote, jiulize liliandikwa ili nani awajibike. Karani wa mfalme hakuwa akitueleza sanaa sisi wa leo. Alikuwa akimlinda mtunza mali asije akadaiwa kitu ambacho hakukipokea, au akimbana asije akakana kile alichokipokea. Kila neno alilolichagua lilitosha kwa kazi hiyo: zulia litambulikane kati ya mengine yaliyomo stoo, basi. Ndiyo maana ingizo moja linaweza kuwa na maneno matano tu, na jirani yake mistari sita. Lile fupi lilikuwa zulia lililojulikana na kila mtu nyumbani. Lile refu lilikuwa na wenzake wanaofanana nalo.

Ukishalielewa hilo, utaanza kusoma pambizo kwa makini kuliko unavyosoma ingizo lenyewe. Mali ilipotoka, karani aliandika pembeni: limetolewa zawadi kwa fulani, limeuzwa, limewekwa rehani, halikuonekana. Mtunza vito wa Duke wa Berry, Robinet d'Estampes, alikuwa na orodha za namna hiyo hasa, zenye maelezo ya pembeni yanayomwondolea dhamana kwa kila kitu kilichoondoka mikononi mwake. Pambizo ndiyo inayokuambia zulia lilielekea wapi baada ya hapo, na safari ya zulia ndiyo unayoitafuta.

Nikupe mfano mmoja ninaoupenda sana, ingawa mada yake si mashujaa. Louis, Duke wa Anjou, ndugu mwingine wa Charles V, aliagiza mazulia makubwa ya Ufunuo wa Yohana ambayo leo yako katika ngome ya Angers. Mchoraji alikuwa Jean de Bruges, mchoraji wa mfalme, naye alihitaji kitabu chenye picha cha kuigia. Kitabu hicho kilitoka maktaba ya mfalme. Tunajuaje? Kwa sababu katika orodha ya maktaba, mbele ya jina la kitabu cha Ufunuo, karani aliandika kwamba mfalme amempa bwana wa Anjou "pour faire son beau tappis", yaani kwa ajili ya kutengenezea zulia lake zuri. Hayo hayamo katika orodha ya mazulia. Yamo katika orodha ya vitabu, kwa sababu mtunza vitabu ndiye aliyekuwa akiogopa kudaiwa. Kwa hiyo ukimtafuta Arthur wako, usiishie kwenye sehemu yenye kichwa cha habari "tapisserie", yaani mazulia ya ukutani. Pitia vitabu, pitia malipo ya wachoraji, pitia gharama za wabeba mizigo na mikokoteni, pitia malipo ya watu waliotundika mazulia ukutani siku ya karamu na waliotumwa kuyashona yalipochanika.

Madaftari ya malipo yana mtego wake. Jina la anayelipwa si lazima liwe jina la mfumaji. Nicolas Bataille wa Paris, anayehusishwa na kazi ya Angers, na Pasquier Grenier wa Tournai walikuwa wafanyabiashara wakubwa: wanapokea oda, wanatafuta mtaji, wanagawa kazi kwenye karakana, wanakabidhi mzigo. Mwaka 1459 Philip Mwema, Duke wa Burgundy, alimlipa Grenier sarafu 5,000 za dhahabu ziitwazo ekyu kwa mazulia ya hadithi ya Aleksanda. Daftari linathibitisha ununuzi. Halisemi ni mikono ya nani iliyofuma. Kuna mazulia mawili makubwa ya Aleksanda katika mali ya ukoo wa Doria Pamphilj huko Italia, na wataalamu wamebishana kwa miaka mingi kama ni sehemu ya ununuzi huo. Hata pale penye bei, mwaka, mnunuzi na muuzaji, bado hatua ya mwisho kutoka karatasini hadi kwenye kitambaa inahitaji hoja yake.

Philip huyohuyo ametuachia mfano wa kinyume chake kabisa. Mwaka 1449 aliwaagiza Robert Dary na Jehan de l'Ortie wa Tournai mazulia manane ya Gideoni, yule mwamuzi wa Israeli aliyetandika ngozi ya kondoo nje usiku ili apate ishara ya umande. Gideoni alikuwa mlezi wa kundi la mashujaa wa Philip, Jumuiya ya Ngozi ya Dhahabu. Michoro ya kufumia ilitoka kwa Baudouin de Bailleul wa Arras, na bei ilikuwa ekyu 8,960 za dhahabu. Kazi ilikamilika mwaka 1453. Mazulia haya tunayaona yakitundikwa kwenye mkutano wa jumuiya huko The Hague mwaka 1456, yakiwashangaza watu wa Paris mwaka 1461, yakipamba harusi ya mwanawe Charles Jasiri huko Bruges mwaka 1468, na mwaka 1555 yapo ukutani Brussels siku Mfalme Mkuu Charles V wa ukoo wa Habsburg alipoachia madaraka. Usimchanganye huyo na Charles V wa Ufaransa unapotafuta mtandaoni. Majina hayo yamewapoteza wengi. Mwishoni mwa karne ya 18 mazulia ya Gideoni yakatoweka, na leo hakuna hata kipande kinachojulikana. Tuna nyaraka zake kwa wingi, kitambaa hatuna.

Zulia lako la Arthur lina kitambaa, lakini halina ingizo la daftari lililothibitishwa kuwa lake. Uhusiano wake na Berry umejengwa juu ya nembo. Ukitazama picha kubwa za mfululizo huo, hasa zulia la Yoshua na Daudi, utaona juu ya minara midogo bendera zenye maua ya yungiyungi ya dhahabu kwenye buluu, zikizungukwa na ukingo mwekundu wenye menomeno. Hiyo ni nembo ya Jean wa Berry. Inatosha kusema mazulia yalifumwa kwa ajili yake au kwa mtu wa karibu naye aliyetaka kumheshimu. Haitoshi kusema yamo kwenye orodha yake.

Arthur mwenyewe anatambulika kwa mataji matatu ya dhahabu yaliyo kwenye bendera na vazi lake, na hapo hakuna ubishi. Lakini yupo mwenzake anayebeba ngao yenye simba aliyeketi kitini, ameshika silaha ya mpini mrefu; wengine humwita Hector, wengine Aleksanda, maana nembo hizi za kubuni zilitumiwa kwa wote wawili. Nakueleza hili kwa sababu karani wa enzi hizo naye alitazama kitambaa kilekile. Kama zulia halikuwa na jina lililofumwa juu yake, aliandika alichodhani au alichoambiwa na mtunza stoo. Orodha mbili za nyumba moja zinaweza kumwita shujaa yuleyule majina mawili, nawe ukahesabu mazulia mawili badala ya moja.

Basi ukikuta ingizo linalokuvutia, lipitishe kwenye vipimo vifuatavyo.

Anza na malighafi. Mazulia ya The Cloisters ni ya sufi. Ingizo likisema "à or", yaani lenye uzi wa dhahabu, weka pembeni, hata kama mmiliki ni Berry na mada ni Mashujaa Tisa. Makarani hawakukosea kirahisi kuhusu dhahabu kwa sababu ndiyo iliyopandisha bei, na ndiyo iliyompeleka mtu matatani ikipotea.

Kisha ukubwa. Hapa watu wanaumia sana. Ukubwa unaandikwa kwa kipimo kiitwacho aune, lakini aune ya Paris ni karibu mita 1.19, na ile ya Flanders ni karibu sentimita 70. Zulia la aune 10 linaweza kuwa na urefu wa mita 12 au mita 7, kutegemea daftari limeandikwa wapi na muuzaji alikuwa wa wapi. Andika kipimo kama kilivyo, kisha weka makadirio yako ya mita kando. Kumbuka pia kwamba mazulia yalikatwa. Haya ya kwako yaligeuzwa mapazia ya madirisha kabla hayajaingia makumbusho. Arthur alinunuliwa mwaka 1932, na sehemu kubwa ya wengine ikafika mwaka 1947, wakaungwa kutoka vipande vingi. Kwa hiyo upana wa leo hausemi chochote kuhusu upana wa zamani. Urefu wa kwenda juu ndio wenye msaada zaidi, pale ambapo ukingo wa juu na wa chini umebaki.

Pesa nazo zina lugha mbili: pauni za Tours na pauni za Paris. Nne za Paris ni sawa na tano za Tours. Kama karani hakutaja, rudi ukurasa wa kwanza wa daftari; mara nyingi ameshasema pale kwamba hesabu zote ni za aina fulani.

Tarehe ndiyo itakayokuaibisha mbele ya wasahihishaji usipoiangalia. Kwenye nyaraka za mfalme wa Ufaransa mwaka mpya ulianza Pasaka. Januari, Februari, Machi yote au karibu yote, na mara nyingi sehemu ya Aprili zilihesabiwa bado ni mwaka uliopita. Orodha ya Charles V imeandikwa kuwa ilianza Januari 1379. Kwa hesabu yetu ni Januari 1380. Ndiyo sababu vitabu vingine vinaandika 1379 na vingine 1380, na wote wana haki. Uingereza wao walihesabu zaidi kwa miaka ya utawala wa mfalme, kwa hiyo huko utahitaji jedwali la wafalme mezani muda wote.

Maneno machache ya karani uyajue mapema. "Tapis" laweza kuwa la ukutani, la sakafuni, la kitanda au la benchi. "Chambre" katika orodha hizi ni seti nzima ya vitambaa vya chumba: vya kitanda, vya kuta, wakati mwingine na mito. Na ukisoma "d'Arras", usiharakishe kusema lilifumwa mji wa Arras. Jina la mji huo lilishakuwa jina la aina ya kazi, na zulia la Arras liliweza kutoka Tournai au Paris.

Kuhusu Kifaransa cha kale, usiogope. Orodha hizi zinarudia sentensi zilezile, na baada ya kurasa chache utazizoea. Shida kubwa ni tahajia. Tafuta "preu" bila kumalizia neno, maana utakuta preux, preus, preuz. Tisa inaweza kuwa neuf, noeuf au tarakimu ya Kirumi ix. Arthur ni Artus. Aleksanda ni Alixandre. Godfrey ni Godefroy de Billon au Buillon. Yuda Makabayo mara nyingi ni Judas Machabeus. Vitabu vilivyochanganuliwa kwa kompyuta vina makosa ya kusoma herufi, kwa hiyo baada ya kutafuta kwa mashine, pitia sehemu ya mazulia kwa macho, ingizo kwa ingizo. Mashine itakuruka penye wino hafifu.

Anza na matoleo yaliyochapishwa, kwa sababu ni bure mtandaoni na yana faharasa. Orodha ya Charles V ilichapishwa na Jules Labarte mwaka 1879. Zile za Duke wa Berry zilichapishwa na Jules Guiffrey kati ya 1894 na 1896, majuzuu mawili. Guiffrey huyohuyo alichapisha mwaka 1887 orodha ya mazulia ya Charles VI yaliyouzwa chini ya Waingereza kuanzia mwaka 1422. Hiyo ya mwisho usiipuuze hata kidogo. Charles VI alirithi mali ya baba yake, na alipofariki Waingereza ndio walioshika Paris. Kwa hiyo hapo ndipo unapoweza kuona yaliyobaki kwenye stoo ya kifalme yakitawanyika, na ukilinganisha na Labarte utaona yapi yalidumu miaka arobaini na yapi yalikwisha kupotea.

Toleo lililochapishwa halikutoshi moja kwa moja, kwa kuwa wachapishaji wa karne ya 19 wakati mwingine walifupisha pambizo. Ukishapata ingizo lako, omba picha ya hati halisi. Ya Charles V iko Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, namba Français 2705. Mojawapo ya zile za Berry iko Archives nationales, hifadhi ya nyaraka ya taifa mjini Paris, namba KK 258. Na mfululizo huohuo wa KK ndio wenye hesabu za nyumba ya mfalme. Utakuta mapengo makubwa. Oktoba 1737 moto uliteketeza ofisi ya hesabu za kifalme mjini Paris, na madaftari mengi ya karne ya 14 na 15 yaliishia humo. Usione ukimya wa miaka kadhaa ukadhani mfalme hakununua mazulia.

Burgundy ndiyo iliyobahatika. Philip Jasiri, Duke wa Burgundy na ndugu mwingine wa Charles V wa Ufaransa, alianzisha ofisi ya hesabu huko Lille mwaka 1386, na madaftari yake yamesalia kwa wingi ajabu, mfululizo B katika hifadhi ya jimbo la Nord. Mengine yako Dijon. Wewe uko Ghent, Lille ni safari fupi ya treni. Hata kama Arthur wako si wa Burgundy, nenda huko, kwa sababu ndugu hawa wa kifalme walipeana mazulia kama zawadi, na zawadi iliyopotea kwenye kumbukumbu za mtoaji inaweza kuonekana kwenye za mpokeaji. Hata maadui walipewa. Mtoto wa Philip Jasiri alipotekwa vitani Nicopolis mwaka 1396, mwandishi wa habari za enzi hizo Froissart anasimulia kwamba Duke aliambiwa Sultani Bayezid angefurahia mazulia ya Arras yenye hadithi nzuri za kale, naye akampelekea ya Aleksanda. Simulizi ya Froissart ichukue kama dokezo, kisha tafuta malipo yanayolingana nayo kwenye madaftari ya miezi hiyo.

Kwa Uingereza, madaftari ya stoo ya mfalme yako hifadhi ya nyaraka ya taifa huko Kew, London, zaidi katika kundi E 101. Mazulia ya Vita vya Troya ambayo Henry VII alinunua kwa ukoo wa Grenier mwaka 1488 ni mfano mzuri wa kufanyia mazoezi, kwa sababu ununuzi umeandikwa na mfululizo wenyewe ulifumwa mara nyingi kwa ajili ya wakuu mbalimbali. Mazulia manne ya hadithi hiyo yako leo katika kanisa kuu la Zamora, Hispania. Jaribu kuthibitisha kwamba ya Zamora si ya Henry. Utajifunza mengi.

Kwenye tasnifu yako, kwa sasa andika kwamba zulia lina uhusiano na Berry kwa njia ya nembo, na kwamba halijalinganishwa na ingizo lolote kwa uhakika. Halafu fungua majuzuu ya Guiffrey, nakili kila ingizo la mashujaa hawa pamoja na namba yake, ukurasa wa hati na maneno yote ya pambizo, na mbele ya kila moja andika malighafi, ukubwa na mtu aliyelipokea mara ya mwisho. Yale yanayopita kwenye malighafi ndiyo utakayoyaombea picha Paris. Unapoandika barua ya maombi, taja namba ya hati na ya ukurasa; ukiomba "kila kitu kuhusu Mashujaa Tisa", watakuelekeza kwenye katalogi tu.